Mwenye Kutoa Maoni Awiwa Nini?

Tuliangalie juma moja la redio zetu. Si juma hili wala juma lile, bali juma lolote lipitalo. Jumatatu asubuhi watu wanajadiliana juu ya bima ya afya: je, ni haki kumtoza mwenye afya ili mgonjwa atibiwe? Jumanne ni zamu ya bodaboda, ajali zao na mwendo wao. Jumatano wasikilizaji waulizwa kama msichana aliyepata mimba arudi darasani ama asirudi. Alhamisi ni mkaa na gesi. Ijumaa, juma likielekea kufungwa, ni ndoa iliyovunjika na nyumba iliyojengwa na wawili: nani atoke na nini? Kila siku mtangazaji husoma swali, wageni wawili watatu studioni hulifungua, kisha simu hupokelewa, na sauti huingia kutoka Tunduma, Bariadi, Mbagala na Mafinga. Kila mmoja hupewa dakika moja au mbili. Saa ya habari ikifika, mazungumzo hukatwa, na kesho yake ni jambo jingine kabisa.

Hakuna nyumba nchini isiyovijua vipindi vya namna hiyo, na televisheni nazo zina vyao, kama Tuongee Asubuhi cha Star TV na Kipima Joto cha ITV. Wazee wetu hawakuyaona hayo. Redio ilianza kwetu mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam, na kwa muda wa miaka arobaini na zaidi maneno yalikwenda upande mmoja: msemaji alisema, msikilizaji alisikiliza, ama sana sana aliandika barua ya salamu na kungoja majuma kadhaa kusikia jina lake likitajwa. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango kwa redio za watu binafsi. Na simu za mkononi zilipoenea, mlango ule ukawa hauna komeo tena. Leo kinyozi, utingo wa daladala na mama aliye jikoni wote waweza kusikiwa na taifa zima kabla chai haijapoa.

Basi twataka kuuliza swali moja ambalo ni nadra kulisikia katika vipindi hivyo, kwa kuwa lavihusu vyenyewe. Mtu aliyetoa hukumu hadharani juu ya maisha ya wenzake, je, anawiwa kitu? Au neno likishapita hewani limekwisha, wala halimdai mtu?

Wako wasemao kwamba swali lenyewe ni la bure, kwani mazungumzo yote hayo ni kelele tu za watu wasio na kazi. Hatukubaliani nao hata kidogo. Baraza la kijijini, ambalo wengi hulisifu kwa kuwa hawakuwahi kunyamazishwa ndani yake, lilikuwa na heshima yake na busara yake. Lakini aghalabu mwanamke aliketi nyuma ama hakuketi kabisa, na kijana alingoja mvi. Redio imempa yule mama kiti ambacho baraza halikumpa. Aweza kusema neno juu ya maji, juu ya zahanati isiyo na dawa, juu ya mume anywaye fedha za mazao, na asikatizwe na shemeji yake. Jambo hilo si dogo, na atakayetaka kuliondoa atueleze kwanza ataweka nini mahali pake.

Jirani zetu wa Uganda walipata kujua thamani yake kwa kunyang'anywa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulizuka mjini Kampala mtindo wa kujadiliana mbele ya watu, huku mjadala ukirushwa moja kwa moja na redio. Wenyewe waliuita ekimeeza, yaani meza kubwa; ni neno lile lile letu la meza limevikwa nguo za Kiganda. Katika ukumbi wa Club Obbligato, Radio One ya huko ilikusanya wabunge, wanafunzi, wafanyabiashara na wapita njia, kila aliyetaka akajiandikisha na kupewa zamu yake. Mwezi Septemba 2009, baada ya ghasia zilizotokea Kampala na sehemu nyingine za Buganda, serikali ilipiga marufuku mijadala hiyo ya nje ya studio. Sababu iliyotolewa ni kwamba mtu wa hadharani hawezi kuzuiliwa asiseme la uchochezi. Labda ni kweli kwamba baadhi yao walisema yasiyofaa. Lakini kuwafunga midomo waliosema vibaya na waliosema vema kwa kufuli moja si kulipa deni la maneno. Ni kulifuta daftari.

Hata hivyo yuko jirani mwingine, naye hatuna ruhusa ya kumsahau. Redio RTLM ya Rwanda ilianza kutangaza Julai 1993. Ilipendwa kwa muziki wake na kwa mazungumzo yake ya kuchangamsha, yasiyofanana na ukavu wa redio ya serikali. Watu waliisikiliza kwa kuwa ilisema kama wao wasemavyo barabarani. Mwaka uliofuata, redio hiyo hiyo ilitaja watu kwa majina na mahali walipo, na watu hao wakauawa. Kesi ya waanzilishi wake wawili, pamoja na mhariri mmoja wa gazeti, ilisikilizwa hapa kwetu Arusha, katika mahakama ya kimataifa. Hukumu ya kwanza ikatolewa tarehe 3 Desemba 2003, na ya rufani mwezi Novemba 2007, ambayo ilipunguza vifungo vyao lakini haikuwaachilia. Majaji walitambua jambo ambalo dhamiri ya mtu wa kawaida ilikwisha kulijua: neno ni tendo. Wala haukupita muda mrefu nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki nayo ikaandika juu ya redio za lugha za makabila na sehemu yao katika chuki ya siku zile.

Hatusemi haya ili kuwafananisha watangazaji wetu na wauaji, la hasha. Twayasema kwa sababu mfano mkubwa huonyesha umbo la mdogo. Kama neno la redioni laweza kuua, basi laweza pia kufanya mambo madogo kuliko kuua: laweza kumvua mtu heshima, kumfungia mlango, kuwapa wakubwa kisingizio cha kutenda walichokwisha kukitaka. Mambo hayo madogo hayana mahakama Arusha.

Tuikalie Jumatano, maana ndiyo nzito kuliko siku zote tano. Kanuni zilizotungwa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Juni 2017 Rais John Magufuli, akihutubia mkoani Pwani, alitangaza kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi aliyezaa atakayerudi shuleni. Tarehe 24 Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, serikali ikatangaza kwamba waruhusiwa kurudi baada ya kujifungua. Kati ya tangazo hili na lile ipo miaka minne na miezi mitano. Katika muda huo swali lile lilirudi redioni mara nyingi, na hoja zake zikawa kama nyimbo zinazojulikana. Huyu alisema: afukuzwe, awe fundisho kwa wenzake. Yule akajibu: na aliyempa mimba yuko wapi? Huyu akasema: akirudi ataambukiza wengine tabia. Yule akasema: mtoto ana kosa gani? Kisha likaja tangazo la mkopo, na baada yake habari za michezo.

Sasa tumwangalie binti mmoja, si kwa jina, bali kwa hesabu tu. Alikuwa kidato cha pili mwaka 2017, mwenye miaka kumi na mitano. Tangazo la pili lilipotoka alikuwa na miaka kumi na tisa, na mtoto wake alikuwa anajua kukimbia. Hesabu hiyo kila mtu aweza kuifanya kwa vidole. Yeye hakupiga simu studioni. Salio hakuwa nalo. Na kama angalikuwa nalo, sauti yake ingalitambuliwa kijijini kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Watu wote walizungumza juu yake, na katika mazungumzo yale yeye peke yake hakuwapo. Tena tuliangalie jambo hili kwa makini: waliosema afukuzwe hawakulipa kitu. Hakuna aliyechukuliwa binti yake kwa sababu ya kura yake ya hewani. Wengine wao ni watu wema, wenye kuwapeleka watoto wao shule na kuwalipia ada mapema. Jumatano ilipokwisha walizima redio wakaenda kazini, na Alhamisi walikuwa na maoni juu ya mkaa.

Lakini tusiwaguse hao peke yao. Waliosema arudi, siku ya tangazo la 2021 walifurahi, na ilikuwa haki yao kufurahi. Je, juma lililofuata nani aliuliza mtoto atabaki na nani mama yake akiwa darasani? Nani aliuliza kama baba aliyemfukuza binti nyumbani amemrudisha, na kama mwalimu aliyezoea kuandika barua za kufukuza amejifunza kuandika za kupokea? Ruhusa ni mlango. Kuna safari ndefu kutoka kitandani hadi mlangoni. Waliomtetea kwa ulimi waliwiwa kumfuata kwa miguu, ama walau kwa swali la pili. Mada, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kubadilishwa.

Hapo ndipo twaona ugonjwa wenyewe ulipo, nao haupo pale unapotafutwa na wengi. Wengi hulalamika kwamba vipindi hivi huchanganya mambo mengi mno: leo hospitali, kesho pikipiki. Huo si ugonjwa. Akili ya mwanadamu imeumbwa kuuliza juu ya kila kitu, na raia wa nchi huru hawezi kuambiwa ajishughulishe na mambo matatu tu. Katika Chuo Kikuu cha Paris, katika karne ya 13, palikuwa na mjadala wa hadhara uliofanyika mara mbili kwa mwaka, wakati wa Majilio na wakati wa Kwaresima. Uliitwa kwa Kilatini quodlibet, maana yake lolote likupendezalo. Aliyekuwamo ukumbini, awe mwalimu, mwanafunzi ama mgeni, aliweza kuuliza jambo lo lote, na mwalimu aliyeshika zamu hakuruhusiwa kuchagua. Mtakatifu Tomaso wa Akwino ameacha mijadala kumi na miwili ya aina hiyo. Humo mna maswali mazito juu ya Mungu na roho, na mengine ya kidunia sana; mojawapo ni kama ukweli una nguvu kuliko divai, mfalme na mwanamke. Mtangazaji wa leo asingeona haya kuliweka swali hilo katika kipindi chake cha Ijumaa.

Kwa hiyo mchanganyiko ni wa zamani, na wenye akili walikaa nao bila kudhurika. Ila walikuwa na jambo moja tusilokuwa nalo. Mjadala wao ulikuwa na siku ya pili. Siku ya kwanza kila mtu alisema, hoja zikagongana, vijana wakashangilia. Kisha mwalimu alikwenda kuyafikiri yote yaliyosemwa, na siku nyingine alirudi mbele ya watu wale wale, akazitaja hoja moja moja, hata zile zilizompinga, na kutoa jibu ambalo jina lake litabeba. Mwenye kupinga alijua atajibiwa. Mwenye kujibu alijua atadaiwa.

Siku ya pili ndiyo iliyopotea katika juma letu. Jumatatu hairudiwi, imezikwa na Jumanne. Mtu aliyesema Jumatatu kwamba bima ya afya kwa wote ni wizi mtupu, haulizwi tena sheria ilipopitishwa mwaka 2023. Naye aliyesema itakuwa dawa ya kila kitu haulizwi pia. Alhamisi msomi mmoja husema kwa hasira kwamba watu waache mkaa, na serikali yenyewe imejiwekea shabaha kwamba kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Shabaha ni njema. Lakini mama mchoma vitumbua hununua mkaa wa kopo kila asubuhi kwa sababu fedha yake nayo huja kila asubuhi. Mtungi wa gesi hudai fedha za siku nyingi kwa mara moja. Jambo hilo hulijui kwa kuwa na maoni. Walijua kwa kwenda kwake na kuuliza, nawe ukirudi studioni waweza kusema neno jipya. Asipokuwapo wa kwenda na kurudi, kila mwaka wa mkaa husemwa kwa maneno ya mwaka jana.

Na Ijumaa ni kioja zaidi. Saa nzima wapiga simu hushindana kama mke asiyeajiriwa ana sehemu yo yote katika nyumba waliyoijenga. Mmoja asema hana, kwa kuwa hakuleta tofali hata moja; mwingine asema anayo kwa huruma. Kumbe Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kuamua tangu mwaka 1983 kwamba kazi zake za nyumbani ni mchango katika mali ile. Si huruma, ni haki, tena ni haki ya miaka arobaini na zaidi. Mtangazaji angaliweza kulijua hilo kwa kumuuliza wakili yeyote siku moja kabla. Fikiri sasa mwanamke aliye katika hali hiyo, amekaa kando ya redio, na kwa saa nzima asikia taifa likiulizana kama ana haki, wala hakuna mmoja wa kumwambia kwamba anayo. Huenda siku hiyo hiyo amekubali kutoka na mabegi mawili.

Tutajibiwa: maoni ni maoni tu, wenye kuamua ni bunge, mahakama na serikali. Hoja hii inasikika kuwa ya unyenyekevu, lakini kwa kweli ni ya kukwepa. Mwenye kuamua hupenda kusema kwamba wananchi ndivyo wasemavyo, na wananchi hao ndio sisi tuliopiga simu. Kibaba hujazwa kwa punje, wala punje haiwezi kusema haikuwamo. Kweli, yako maneno yasiyo na deni. Mtu akitwambia Simba ni bora kuliko Yanga, ama kinyume chake, hatumdai kitu, maana neno lile halimfukuzi mtoto shuleni. Tofauti ni hiyo tu: kama maneno yangu yaweza kumwangukia mtu ambaye hayupo kujitetea, basi nimekwisha kujiandika katika daftari lake.

Tutajibiwa tena, na jibu hili ni zito zaidi: mimi ni mkulima, ama mshona viatu, nitapata wapi nafasi ya kurudi siku ya pili juu ya mambo matano kila juma? Ndugu huyu asema kweli. Hawezi, wala sisi wenye kuandika hatuwezi, wala mbunge hawezi. Wenye redio ndio waanze, kwa kuwa wao wana gari, wana waandishi, na wana saa za hewani ambazo huzijaza kwa marudio ya muziki. Wachague katika mwezi jambo moja kati ya yale ishirini waliyoyafungua, walirudie. Wamtafute aliyejadiliwa, wamfiche jina na sauti kama yafaa, wamsikilize. Wamwite aliyesema hili na aliyesema lile, wawaulize kama bado wasema vile vile. Hakutakuwa na kelele nyingi, na pengine mwenye kutangaza sabuni atanung'unika. Msikilizaji naye achague jambo lake moja, lile la kata yake, alifuate mpaka lifike mwisho, hata likichukua miaka.

Na juu ya hayo mengine manne? Mtangazaji akimpa zamu, aweza kusema kwamba hajui, ama kwamba bado anafikiri. Twakiri ni nadra mno kulisikia neno hilo redioni, kwani mtu hachomi salio lake ili kusema hajui. Lakini hata kule Paris kushika zamu ya quodlibet hakukuwa lazima. Walimu wengi wenye sifa walipoona mzigo wa siku ya pili jinsi ulivyo, waliiacha zamu ipite, wakaendelea kufundisha lile walilolijua.